Karatasi Nilizokata Bila Kusoma

Mlininunulia keki mkaandika jina langu vibaya juu yake, na mimi nikalila hivyo hivyo bila kusema kitu. Halafu mkanipa saa ya ukutani. Mtu aliyestaafu anataka saa ya nini, sijui. Mkasema, "Shosho," maana mmenifanya nyanya yenu, "tupe maneno mawili." Nilikuwa na keki mdomoni na machozi karibu, nikasema asante nikakaa. Maneno yenyewe ndiyo haya, na si mawili.

Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo mkiona makosa mjue yametoka wapi. Mjukuu wangu Chebet, ambaye anasoma bila kusogeza midomo kama karani wa korti, alitaka kunisahihishia nikamkataza. Ninyi ni watu wa kuchapa, makosa ya watu mmeyazoea. Mambo ya mshahara na vyeo sitaandika. Nani alipandishwa na nani aliachwa, hayo mtaongea wenyewe saa ya chai, kama kawaida yenu.

Nilianza kazi ya uchapaji nikitoka Ainabkoi, na viatu vya dada yangu miguuni, vilivyonibana mpaka nikatembea kama kuku aliyemwagiwa maji moto. Si hapa kwenu. Ilikuwa nyumba nyingine ya kuchapa, nyuma ya soko, na jina lake sitaandika. Niliajiriwa kufagia. Ndani palinuka wino na mafuta ya taa, na mashine ilipiga kelele mpaka ukirudi nyumbani unaongea na watoto kwa kupayuka.

Aliyeendesha mashine hiyo alikuwa Mzee Barasa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hata kanisani. Siku ya kwanza aliona natazama karatasi sakafuni badala ya kuzifagia, akaniita. Akanipa programu ya mazishi, wino bado mbichi.

"Mama, unajua kusoma?"

"Kidogo, Mzee."

"Kidogo inatosha. Hii ni ya nani?"

Nikasoma pole pole, nikamtajia jina la marehemu.

"Hilo hata ng'ombe anajua, si picha iko hapo? Hebu hesabu. Nani ametajwa mara nyingi?"

Nikahesabu kwa kidole. Marehemu alitajwa mara mbili. Mheshimiwa fulani aliyetuma rambirambi, akatoa jeneza, akatoa hema, akasikitika sana, alitajwa mara saba. Na ulikuwa mwaka wa kura.

"Sasa umejua hii karatasi ni ya nani," Mzee Barasa akasema, akarudi kwa mashine yake.

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na mpaka leo siendi mazishi bila kuhesabu. Wajukuu wangu wanasema Kogo, yaani nyanya yao, ana roho mbaya. Sawa. Lakini mimi najua nani alikuja kulia na nani alikuja kuonekana.

Mzee Barasa alikuwa na sheria moja tu: usiache karatasi itoke mkononi mwako kama hujaisoma. Si kazi ya bosi, alisema, bosi anasoma oda. Ni kazi yako wewe unayeishika. Na ya pili, kama hiyo ni sheria pia, angalia chini kabisa uone jina la aliyechapa. Karatasi isiyo na jina la mchapaji ni kama mtoto aliyeachwa mlangoni kwa padri. Aliyemzaa anajua alichofanya, ndiyo maana ametoroka.

Baada ya miaka kadhaa ya ufagio nikapewa mashine ya kukata. Ninyi mmekuta ile ya vitufe, mnabonyeza kama mnapiga simu. Ile yetu ilikuwa na mikono miwili ya chuma, lazima uishike yote miwili ndipo kisu kishuke, ili usisahau mkono wako mmoja chini. Kabla ya kukata unagonga rundo pembeni, unalipepea hewa iingie katikati, unaligonga tena mpaka likae sawa kama tofali. Unaweka karatasi tupu juu na nyingine chini, ya kufunika, kibano kisiache alama na wino usichafuke. Kisha unashusha. Sauti yake ni kama mtu anayevuta pumzi.

Kisu hicho kilikuwa na kovu. Mtu aliacha pini ya stepla kwa rundo, kisu kikaiuma, kikapata pengo dogo kama jino la mtoto. Bosi alisema tutakipeleka kunolewa. Bado tunangoja. Kwa hivyo kila karatasi iliyokatwa pale ilitoka na kamstari pembeni, kembamba kama unywele. Macho hayakaoni haraka, lakini kidole kinakasikia. Nilikuwa nikienda kwa duka, kwa shule, kwa zahanati, nikipewa karatasi napitisha kidole. Hii yetu. Hii si yetu. Watu walidhani napangusa vumbi.

Miaka ya kura ndiyo ilinisomesha kuliko darasa la nne. Kuna mmoja alileta picha ya umati, watu wengi mpaka wengine wako juu ya miti, akataka tuiweke kwa bango lake na maneno "Wananchi Wameamua." Nilikuwa nafuta meza tu. Nikatazama ile picha.

"Mheshimiwa, uliongea ukiwa upande gani?"

"Mbele yao, mama. Kwani mtu huongea akiwa wapi?"

"Mbona wote wanaangalia kushoto?"

Walikuwa wakiangalia barabara, wakingoja wanariadha wetu wapite. Mtu wa Eldoret anaijua ile shingo. Bango lilichapwa, msidhani lilizuiwa. Lilibandikwa mpaka Soy, na watu wakasema aisee, huyu ana watu. Wengine walikuwa kwa hiyo picha wenyewe na bado wakasema ana watu.

Mwingine alileta kazi mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilimsifu: mcha Mungu, baba wa maendeleo. Ya pili ilimtukana, mwizi, mgeni, mtu asiyejua hata kukamua. Nikadhani oda ya adui imechanganyika na yake. Kumbe zote zake. Ile ya matusi ilirushwa kwa mikutano ili yeye asimame na kitambaa mkononi aseme, "Mnaona wanavyonitesa?" Akina mama walilia. Mimi pia ningelia kama singekuwa nimemkatia hizo karatasi mwenyewe. Alijitukana vizuri, lazima niseme. Adui yake hangeweza.

Siku hizi mnaniambia karatasi zimepitwa, mambo ni ya simu. Najua. Nami niko kwa grupu ya kanisa, grupu ya estate, na grupu ya ukoo inayonisumbua kuliko zote. Nimeletewa gari moja lililochomwa, picha hiyo hiyo, mara likiwa la vita vya nchi fulani, mara la vita vya nchi nyingine, na mara moja likiwa la hapa karibu. Gari hilo limesafiri kuliko mimi. Tofauti ni kwamba simu haina ukingo. Huwezi kupitisha kidole ujue ilikatwa wapi.

Sasa nafika kwa ile kazi. Mwaka msitafute. Ilikuwa moja ya zile kura ambazo watu wa huku wakizikumbuka wanashusha sauti. Mzee Barasa alikuwa ameshastaafu, amerudi kwao, na bosi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiendesha mashine wakati kazi ni ya haraka. Ilikuwa Jumamosi. Chebet, huyu huyu wa kusahihisha watu, alikuwa anabatizwa kesho yake Soy. Mimi ndiye nilikuwa na maziwa ya mursik kwa kibuyu, na gauni la mtoto, na akili yangu yote ilikuwa tayari iko huko.

Bosi akanisukumia rundo. Lilikuwa limeshafunikwa juu na chini.

"Mama Kibet, kata hizi nane nane, funga vifurushi viwili. Za kushoto peke yake, za kulia peke yake. Mwenyewe anangoja."

Mwenyewe alikuwa amekaa kwa benchi, mtu mpole, sweta safi, kama mwalimu wa Sunday school. Alinisalimia kwa heshima. Nikaona alama za kukatia zimechorwa kwa kalamu juu ya karatasi ya kufunika, nikaweka kisu, nikakata. Sikuinua karatasi ya juu. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni fupi: niliangalia saa. Nikafunga viwili kwa kamba, nikamkabidhi, akasema "Mungu akubariki, mama," nikakimbia stejini. Chebet alibatizwa vizuri. Hata hakulia.

Sisi tulikaa Kapsoya, na bado tunakaa. Mlango wa tatu kutoka kwangu kulikuwa na duka la Mama Njeri. Yeye ni Mkikuyu, mimi ni Mkalenjin, nawaambia tu ili mwelewe hadithi. Wazazi wake walikuja huku kabla hajazaliwa. Watoto wetu walikunywa uji wa sufuria moja. Jumanne asubuhi nilienda kununua kiberiti nikamkuta nyuma ya kaunta hajafunga kitambaa kichwani, na hilo sikuwahi kuliona. Hakunisalimia. Akasukuma karatasi mbele yangu.

"Soma, Mama Kibet. Halafu uniambie kama unaijua."

Ilisema, wale wasio wa huku wawe wametoka kufikia Ijumaa. Nyumba zao zinajulikana. Wasiseme hawakuambiwa. Na chini: Vijana wa Kapsoya. Jina la aliyechapa halikuwako.

"Imepitishwa chini ya mlango wa kila mtu wetu," akasema. "Wenu hawakupata. Sasa nieleze, ni nani anajua mlango wangu na mlango wako?"

Kidole changu kilikuwa kimeshapita pembeni mwa karatasi kabla sijakiambia. Na kikasikia.

Nilitoka bila kiberiti. Nilijiambia, kovu ni kovu, pengine kuna kisu kingine mjini chenye kovu kama hilo. Mtu akiogopa anajidanganya haraka kuliko mwanasiasa. Jumatano nikirudi kutoka kazini nikamkuta mume wangu amepanda kiti, amefungua dari, anashusha upinde wa marehemu baba yake. Upinde ambao watoto walikuwa wanachezea miaka yote.

"Baba Kibet, unaenda kuwinda nini Kapsoya?"

"Usinichekeshe. Soma hapo mezani. Waje hivyo hivyo, watatukuta."

Mezani kulikuwa na karatasi nyingine. Hii ilisema, wenyeji jihadharini, wenye maduka wamekusanya silaha, wamepanga kutufungia kanisani Ijumaa na kuchoma. Wanaojifanya wanahama wanatoa watoto wao kwanza ndipo waanze. Chini: Mzazi Mwenye Uchungu.

Eleweni ujanja wake. Mama Njeri akisoma yake, atapakia watoto kwa lori. Mume wangu akiona lori, atasema, si karatasi ilisema? Kila upande utatimiza maneno ya karatasi ya mwingine. Hata mtu wa kuwasha kiberiti hakuhitajika kutoka mbali.

Nikapitisha kidole. Kamstari kale kale, mahali pale pale. Nikakumbuka maneno ya bosi: za kushoto peke yake, za kulia peke yake.

Mnajua, mashine haichapi vizuri papo hapo. Karatasi za kwanza hutoka zimefifia au zimejaa wino, na hizo hutupwa pembeni, za kupangusia. Hazikatwi. Bosi wetu alikuwa mchoyo hata kwa takataka, alizirundika nyuma ya mlango wa choo zitumike. Alhamisi asubuhi nilifika kabla yake, nikapekua. Chini ya kadi za harusi na bahasha za sadaka nikaipata. Karatasi kubwa, wino umelemea upande mmoja, lakini unasomeka. Kushoto, wasio wa huku tokeni. Kulia, wenyeji jihadharini. Nane za huyu, nane za yule, zimelala kitanda kimoja.

Niliikunja nikaiweka ndani ya blauzi. Nilijua nikiionyesha nitaulizwa nimeitoa wapi. Ningeweza kusema niliokota. Niliifikiria njia nzima hiyo ya kuokota, nisiwadanganye.

Nilipofika Kapsoya, lori lilikuwa tayari mlangoni kwa Mama Njeri. Kitanda kimepakiwa, mizani ya duka imepakiwa, watoto wake wawili wamekaa juu ya magodoro na nguo za kanisani. Na kama karatasi ilivyosema, wanaume wa upande wetu walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara wakiangalia, mume wangu mbele yao. Upinde hakuwa nao, lakini koti lake lilikuwa limesimama vibaya, na mke anajua koti la mumewe. Ndugu za Mama Njeri walikuwa wamesimama upande wa duka, na wao makoti yao pia yalikuwa na mifupa.

Nikaingia dukani nikaifungua karatasi juu ya kaunta.

"Mama Njeri, soma upande wa kushoto. Baba Kibet! Wacha kusimama kama mlingoti, njoo usome wa kulia."

Alikuja kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu. Wengine wakamfuata. Wa upande ule nao wakasogea. Vichwa vikainama. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo walikuwa karibu hivyo bila kugusana.

"Si zinafanana tu," mmoja wetu akasema.

"Hazifanani. Ni pacha. Zimezaliwa siku moja, tumbo moja. Mimi ndiye niliyewatenganisha."

"Unasema nini, mama?" mume wangu akauliza.

"Nasema nilizikata mimi. Jumamosi, kwa mikono hii. Sikusoma."

Ndugu mmoja wa Mama Njeri akanitazama kuanzia viatuni. "Ulilipwa ngapi?"

"Kama ninavyolipwa kukata kadi ya harusi."

"Na aliyekuleteeni?"

"Mtu wa sweta. Simjui. Na aliyemtuma simjui, lakini nawaambia, huyo hakai Kapsoya. Anayekaa hapa hangechapa zote mbili."

Mama Njeri alitoa ile karatasi yake mfukoni, akaiweka juu ya moja ya zile nane za kushoto kwenye ile kubwa. Ikakaa sawa sawa, neno juu ya neno. Akamgeukia mume wangu.

"Baba Kibet, ndani ya koti una nini?"

"Nilikuwa najilinda."

"Kutoka kwa mizani yangu?"

Mtu akacheka, sijui wa upande gani, na kicheko kikakatika hapo hapo. Mume wangu akaangalia chini. Nimeishi naye miaka mingi na sijawahi kumwona akiwa mfupi hivyo.

Wa lori akapiga honi. "Mama, tunapakia ama tunapakua? Mafuta yanaisha!"

Nilidhani atasema pakua, na nitalia, na tutakumbatiana. Hapana. Watu hawarudi nyuma haraka hivyo. Uongo ukishatobolewa, woga hautoki nao. Unabaki, unatafuta kiti. Mama Njeri akasema, "Shusha kitanda na mizani. Watoto waende kwa dada yangu."

"Mama Njeri," nikasema, "waache tu, hakuna—"

"Wewe nyamaza. Wewe ndiye ulisema hukusoma." Akafungua mlango wa nyuma ya duka, akanionyesha kitanda kidogo kilicho karibu na mlango wa nje. "Utalala hapo mpaka matokeo yatangazwe na watu watulie. Wakikuja, wakupate wewe kwanza. Kama wewe ni mtu wao, watakuita jina. Kama si mtu wao, tutajua pamoja."

Mume wangu akataka kusema kitu. Nikamwambia aende nyumbani arudishe upinde darini.

Ile karatasi kubwa niliipeleka kwa chifu. Akaitazama sana, akaiweka kwa faili, na faili likaila. Bosi nilimwambia Ijumaa nimeondoka. Akaniambia mteja ni mteja, mimi ni wa kukata tu. Ndipo nikaja kwenu, na ndiyo maana miaka yote hiyo mlinikuta nasimamisha mashine ili nisome bahasha ya sadaka, na ninyi mkinong'ona, "Shosho ameanza." Nawasikia, msidhani.

Kapsoya haikuchomwa. Sisemi ni kwa sababu yangu. Mahali pengine palichomwa, na huko pengine pia kulikuwa na mtu wa kukata aliyekuwa na haraka.

Nililala kwa Mama Njeri siku nane. Alinipikia vizuri, hata nyama mara mbili. Hakuniuliza tena juu ya karatasi. Lakini kila jioni alifunga mlango wa mbele na wa nyuma, akavuta kila mmoja mara mbili kuhakikisha, akatia funguo ndani ya sidiria yake mbele ya macho yangu, ndipo akaniambia lala salama. Hakuwahi kunipa hata mmoja. Na mimi ningekuwa yeye, nisingempa mtu kama mimi.